Akala za Kaka Yangu Nilizichoma Mimi

Nimekosa, na sina pa kujifichia, maana siku hiyo nilikuwa na akili timamu, shahada ya chuo kikuu na kiberiti.

Kaka yangu mkubwa, nitamwita Guyo, alikuwa akichunga ngamia kijijini Biliqo. Mwaka jana alikuja Isiolo kwa nikaha ya binti yangu akiwa amevaa akala, zile ndara zinazokatwa kwa tairi kuukuu la lori. Alikuwa nazo tangu bibi harusi yuko shule ya msingi, na soli zilikuwa bado nene.

Wakwe walikuwa wanatoka Nairobi. Niliwawazia wakivua viatu vyao vya ngozi mlangoni kwangu, kando ya matairi yale. Na mimi ndiye yule mwalimu anayeandika makala za kulalamika kwamba tunanunua leo, tunatupa kesho, na mji unajaa taka. Sikukumbuka hata sentensi moja.

Guyo alipokuwa ndani akiswali, nilizichukua akala zake, nikazitupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, nikazimwagia mafuta ya taa. Moshi wa tairi ni mweusi na unanuka mtaa mzima. Majirani walidhani kuna maandamano.

"Akala zangu ziko wapi?" aliuliza alipotoka.

"Labda mbwa amebeba," nikasema.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, lugha anayoitumia akitaka kunicheka: "Mbwa ya Isiolo imesoma. Imeacha viatu yako, ikachagua yangu."

Nikamkabidhi raba nyeupe zenye mistari ya kijani, ambazo nilikuwa nimeshanunua sokoni. Alizigeuzageuza.

"Hii ni ya kutembea ama ya kupigwa picha?"

Lakini alizivaa, akanishukuru, akarudi nazo Biliqo.

Ukame ulipozidi, alihamisha ngamia kutafuta maji. Njiani soli ya kulia ikabanduka. Akaifunga kwa kamba. Kamba ikakatika, soli ikabaki huko mawe yaliko. Mwiba wa mgunga ukamwingia kwenye unyayo, ukavunjikia ndani. Aliendelea kutembea, kwa sababu ngamia wenye kiu hawamngojei mtu. Alipofikishwa hospitali hapa Isiolo mguu ulikuwa umeoza. Daktari alikata vidole vyote na kipande cha unyayo.

Nilibeba kile kiatu kisicho na soli hadi kwa muuzaji. Nilitaka ugomvi.

"Mwalimu, hizi zilikaa," alisema bila hata kuinuka. "Wengine wanarudi kabla mwezi haujaisha."

"Mtu amekatwa mguu!"

"Pole sana. Lakini uliniambia ni za harusi."

Nilirudi nyumbani na hasira zangu zote, sina wa kumpa.

Guyo sasa anaishi kwangu. Ngamia wanachungwa na mtu wa kuajiriwa. Kila asubuhi kaka hupiga simu kuwaulizia mmoja mmoja kwa jina, kisha anakaa kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta. Huyu ni mtu ambaye sijawahi kumwona amekaa mchana. Hanilaumu. Juzi alinishika mkono akasema, "Wewe ulinipa kwa roho safi. Mimi namlaumu mbwa tu."

Nikainuka, nikamletea chai.

Ndugu msomaji, kama kuna kitu kikuukuu cha mwenzako kinachokuaibisha, muulize kwanza kinamfikisha wapi. Usikiguse. Na kama umeshakigusa, sema siku hiyo hiyo, hata kama wageni wamefika. Kuhusu raba mbovu ningeweza kuomba msamaha nikalala. Uongo wangu ndio ulionikaa kooni.

Guyo hakusoma, kwa hiyo kila Jumamosi mimi humsomea gazeti. Ukurasa huu wa maungamo ndio anaoupenda kuliko yote. Huwatukana wanaoungama, anacheka, ananiambia nisome tena. Jumamosi hii nitamsomea ukurasa huu wote, bila kuruka mstari.