Siku Niliyomkimbia Baba Mkwe Kwenye Theluji

Chekeni tu, mashoga zangu, maana nisipowasimulia mimi atawasimulia mume wangu, na yeye akisimulia anaongeza chumvi, wakati aibu niliyoipata kule Ufaransa haihitaji hata punje.

Bruno mnamjua, Mfaransa wangu niliyekutana naye Kilolo kwenye mradi wa viazi. Harusi yetu hapa Mbeya baba yake hakuja, alituma salamu tu, na mimi (najifanya jasiri lakini iliniuma) nikajua mzee hanitaki. Kwa hiyo alipotualika wiki moja huko kwao, juu kabisa milimani wanakoteleza kwenye theluji, nikaapa sirudi mpaka anikubali.

Sasa sisi Wanyakyusa mnatujua, zamani mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, ukimwona njiani unakata porini mpaka apite. Mimi mtoto wa Uyole, nina digrii yangu, mambo hayo nilikuwa nayacheka. Lakini bibi yangu wa Tukuyu akanipigia simu asubuhi ya safari: "Atu, hata kama ni Mzungu, mkwe ni mkwe." Nikaitikia ndiyo bibi, nikaamua nisimwambie Bruno kitu, nitajua huko huko. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Wale watu bwana, wakishuka mlimani saa kumi jioni hawaendi kuoga! Wanaingia baa na mabuti yao magumu, wanapanda juu ya meza, muziki unapigwa mpaka theluji inadondoka paani, na juu ya meza ya katikati nani? Baba mkwe, mvi zake kichwani, anakata kiuno! Akaniona, akashuka, akaja mikono wazi anibusu shavu hili na lile, ndiyo salamu yao. Weee, mkwe anibusu! Nikazama chini ya meza, nikajidai nafunga kamba za buti (buti zenyewe hazina kamba). Nilipochungulia, mzee bado kasimama pale pale, mikono imeshuka, uso umemsawajika.

Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo, akiingia sebuleni mimi natokea mlango wa jikoni, na mchana Bruno ananifundisha kuteleza na zile mbao mbili ndefu za miguuni kwenye kilima cha watoto. Akasema nimeiva, tukapanda juu. Njia ya kushukia imewekewa fito za rangi pembeni, ukizivuka ni theluji mbichi, si ya watu wa kujifunza kama mimi. Nikatangulia, nashuka, nasikia raha, najiona bingwa, nakata kona, mama yangu! Baba mkwe kasimama katikati ya njia ananisubiri, mikono wazi.

Miguu haikuniuliza, ikakata porini.

Nikapita kati ya fito mbili huku napiga kelele kwa Kinyakyusa, mbao moja ikachomoka ikaenda zake, na mimi nikaenda zangu mpaka nikazama kifuani, tena chini kabisa ya vile viti vya kwenye waya vinavyopandisha watu mlimani, kwa hiyo watazamaji wapya hawaishi. Baba mkwe huyo nyuma yangu, fundi kweli, akanyoosha mikono anishike kiunoni anivute. Nikajifunika uso na kofia nikapayuka, "Usiniguse! Mwite Bruno!"

Mzee akarudi nyuma, macho yamemlowa. Akasema polepole, kwa kuhurumia Kifaransa changu cha kuungaunga, "Nilijua. Hujanisamehe. Harusini nilipaswa kuja, sikuja kwa ujinga wangu tu."

Jamani, niliumia! Kumbe wiki nzima mzee anadhani mimi ndiye simtaki. Nikamwambia yote nikiwa ndani ya kofia, bibi, Tukuyu, mkwe, kukata porini. Nikasema basi tena, ndoa imeishia kwenye theluji. Kuchungulia, mzee kanigeuzia mgongo, kaninyooshea fimbo yake ya kutelezea kwa nyuma.

"Shika, binti yangu. Sikuangalii."

Akanikokota kama mbuzi mkaidi, yeye kaangalia kule, mimi huku nalia na kucheka, na kwenye viti watu wanapiga makofi, simu zote juu.

Jioni baa nzima ilishaiona video, na mzee alishawaeleza mila yetu. Nilipotokea mlangoni wote, hata mhudumu na sinia lake, wakanigeuzia migongo! Nikasema liwalo na liwe, nikapanda mezani na mabuti yangu, tukacheza mimi na baba mkwe mgongo kwa mgongo mpaka meza ikalia.

Kuteleza sirudii, naapa, hata mlima uwe wa unga wa sembe. Na mila yako itaje mapema ukiwa umesimama, usisubiri ukiwa kwenye mteremko. Mzee anakuja kututembelea mwezi wa saba, tena amesema harusi yetu anaitaka upya, kwa ajili yake yeye aliyeikosa. Tukienda kumpokea uwanja wa ndege Songwe, naomba nyie mtangulie mbele mnikinge, halafu yeyote atakayehama mbele yangu tumekosana.