Kiungo Nilichokizika Ukutani kwa Mama Nyangeta

Siku ya kwanza kazini nilivaa sketi. Msinicheke. Nilikuwa nimetoka kumaliza ufundi umeme, nikaambiwa niripoti kwenye kampuni moja ndogo ya alamu pale Musoma, na mama yangu akasema mtu haendi ofisini na suruali. Kumbe ofisi yenyewe ni nyumba ya Mwisenge isiyopigwa plasta, na ngazi ya miti. Fomeni, Mjita mmoja mpole asiyepandisha sauti hata siku moja, aliniangalia juu mpaka chini. "Binti, nenda kabadilishe nguo. Ukuta utaukuta hapahapa."

Ninyi mliozoea alamu zisizo na waya, niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa. Nyumba ikishapauliwa, kabla ya plasta, tulikuwaga tunapitisha waya wa alamu ndani ya mabomba ya plastiki yaliyochimbiwa ukutani. Ni waya mwembamba, wenye nyuzi sita za rangi sita ndani yake. Unatoka kwenye boksi kuu unakwenda kwenye kila mlango, kila dirisha, na kwenye kitufe cha hatari kando ya kitanda. Mwisho wake unaachwa ukining'inia, urefu wa mkono mzima, na sisi tuliuita mkia. Vifaa vinakuja kufungwa nyumba ikishapakwa rangi. Na kwetu watu hujenga polepole, kwa hiyo mkia unaweza kusubiri miaka mitano.

Siku hiyohiyo tulikuta mikia yote ya sebuleni imekatwa. Waashi walikuwa wamefungia miti yao ya kupandia.

"Nani kakata hizi?" Fomeni akauliza.

"Hizo? Mimi nilijua ni kamba, fomeni," mwashi akajibu bila wasiwasi. "Kamba nzuri kweli, hazikatikagi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Fomeni hakucheka. Mwashi akasema si tuunge tu vipande, yeye apige plasta yake, maisha yaendelee. Fomeni akanigeukia mimi, siyo yule mwashi. "Kiungo kinakaa kwenye boksi, mahali mtu anaweza kufungua akakiona. Ndani ya ukuta hakuna kiungo. Waya ukiwa mfupi, toa wote, vuta mwingine." Tukavuta upya chumba kwa chumba, na vidole vyangu vilichubuka wiki nzima.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Bunda. Huko nilikuwa chini ya Meneja, mtu wa simu mbili na haraka moja. Bunda ndiyo ilinifundisha shida zote za waya uliotangulizwa. Panya wanatafuna. Jua linakausha mkia mpaka ukiukunja unavunjika kama tambi mbichi. Fundi wa umeme wa nyumba naye, mvivu wa kuchimba, anapitisha waya wake mnene kwenye bomba letu, halafu sensa, vile vifaa vya kuhisi mlango ukifunguliwa, zinachanganyikiwa kila pasi ikiwashwa. Na ramani hakuna! Aliyetandaza waya kashahama, mwenye nyumba yuko Mwanza, unabaki kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama daktari. Mimi nilianza kupiga picha kila ukuta kabla haujafunikwa, na wenzangu wakaniita Mama Picha.

Sasa nifike Butiama, maana ndiko nilikoharibu.

Upande wa chini wa kilima cha Mwitongo alikuwepo mjane mmoja, Mama Nyangeta. Mwanawe anafanya kazi mbali na alikuwa anamjengea nyumba. Mama alikuwa na presha na miguu mibovu, anaishi peke yake, kwa hiyo kubwa katika kazi ile lilikuwa kitufe cha hatari chumbani kwake. Akizidiwa abonyeze, king'ora kilie, majirani waje. Waya wa kitufe nilikuwa nimekwisha kuuvuta vizuri, lakini alipokuja fundi wa madirisha akahamisha dirisha, ikabidi waya uzunguke, ukapungua kama mkono mmoja hivi. Roli ya waya imeisha, nyingine iko Bunda. Waashi wameshakoroga saruji, wamesimama wananitazama. Nikasokota nyuzi, nikazungushia tepu nyeusi, nikasukumia ukutani. Nikasema moyoni, nani ataona? Ukuta ule sikuupiga picha.

Nyumba iliisha baada ya miaka mitatu. Nikafunga vifaa, nikajaribu, kila kitu safi. Mama akanichinjia kuku.

Masika ilipoanza, king'ora kikalia chenyewe. Na hapa mgeni lazima aelewe jambo moja. Kwetu Mara, yowe si mchezo. Likipigwa, kila mwenye nguvu anaacha jembe, anashika panga au rungu, anakimbia. Asiyekwenda ataulizwa. Na anayepiga yowe la uongo ataulizwa zaidi. Kijiji kilikuwa kimekubaliana kwamba king'ora cha Mama Nyangeta ni yowe lake, kwa kuwa yeye hana sauti ya kufika mbali.

Mara ya kwanza walikuja wote, wakamkuta mama anapepeta mtama. Mara ya pili ilikuwa Jumapili, wakatoka hata waliokuwa kanisani. Mara ya tatu walikuja wawili. Mara ya nne alikuja Wambura peke yake, mwenyekiti wa kitongoji, akitembea. "Mama," akamwambia, "hiki kikilia tena, sisi tunaendelea kulima."

Mama Nyangeta mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. "Mwanangu, wananiona mwongo. Nikianguka leo, hakuna mtu atakuja."

Meneja akanituma. "Badilisha boksi kuu, mwambie umeme wa kule unayumba." Nikafika, nikaweka mita kwenye waya wa kila chumba. Mkondo mdogo unazunguka ndani ya waya muda wote; ukikatika popote, hata kwa dakika, king'ora kinalia, ili mwizi asiweze kukata waya na kukinyamazisha. Vyumba vingine vyote vilisoma vizuri. Cha mama peke yake kikawa kinapanda na kushuka. Nilijua mahali, nilijua mpaka kimo chake kutoka sakafuni.

Ningeweza kupitisha waya mwingine nje ya ukuta, nikala ugali nikaondoka. Niliwaza hivyo, sitawadanganya. Mama alikuwa amekaa kitandani ananitazama. Nikachukua tindo na nyundo, nikapasua ukuta wake mzuri wa rangi ya maziwa. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kupitia ukingo wa dirisha. Tepu ilikuwa imeoza, nyuzi zimeota ukungu wa kijani.

"Nani kafanya hivi?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Basi usiniambie mimi. Mimi najua sikudanganya. Kawaambie wao."

Nikavuta waya mpya, mzima, kutoka boksini mpaka kitufeni. Kesho yake Wambura akaita kikao. Nilisimama mbele ya watu wazima wenye majembe yao nikiwa na kile kiungo mkononi. Nikawaeleza kila kitu, pamoja na ile "nani ataona".

"Kwa hiyo huyu mama hakutupigia yowe la uongo?" Wambura akauliza.

"Hakupiga. Aliyewatoa mashambani ni mimi."

Kiungo kikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja akakinusa. Wambura akasema, "Kaa chini, mama fundi. Tumesikia." Basi. Hakuna aliyeahidi kitu. Meneja alinipa barua ya onyo, nikaisaini, lakini kilichoninyima raha siyo barua. Kila mvua iliponyesha nilikuwa najiuliza, akibonyeza leo, watanyanyuka?

Sasa nimestaafu, nakaa Kitaji, Musoma. Vijana wa ufundi wanakujaga kuniuliza mambo, nawaambia nilichofanya, wananiangalia kwa huruma, nami nawaambia huruma wampe Mama Nyangeta. Kazi hii ina aibu moja mbaya: ukikosea, plasta inakufunikia, na anayekuja kudaiwa ni mwingine. Mimi nilikosea nikiwa fundi mzoefu, siyo siku ile ya sketi.

Mwezi uliopita simu iliita nikiwa nachagua mchele. Mama Nyangeta, sauti chini sana, yuko wodini. Alikuwa ameanguka chumbani asubuhi, akajivuta mpaka kwenye kitufe.

Nikashindwa kumwuliza. Akaniambia mwenyewe.

"Mwanangu, Wambura kaja anakimbia. Kaja na povu la sabuni kichwani."