Barua Niliyojiandikia

Nilizaliwa na uti wa mgongo uliopinda kama njia ya mbuzi, na nikakua mtu wa nyumbani. Mtaa wetu wa Miyuji wakati ule ulikuwa na vumbi la kutosha hata ndani, sasa utoke kutafuta nini? Ila kutulia pia sikuweza. Nikikaa kitini dakika chache mgongo unawaka. Nasimama, naegemea mlango, nazunguka ua, narudi. Mdogo wangu wa kike aliniita Mlinzi.

Ndipo hospitali za serikali zikaanza kututaka tuchangie matibabu. Daktari akasema nivae mkanda wa ngozi na vyuma, la sivyo mgongo utaendelea kupinda mpaka ubane mapafu. Mkanda hatukuumudu. Njia ilibaki moja: ofisi ya ustawi wa jamii initambue kuwa mlemavu, nipewe msamaha wa malipo. Nayo ofisi ilitaka, pamoja na cheti cha daktari, barua ya balozi wa nyumba kumi.

Balozi wetu alikuwa mama wa Kigogo, mkali, asiyejua kusoma. Barua zake zote niliziandika mimi, msomi wa kidato cha nne. Yeye anasema, mimi naandika, yeye anagonga muhuri.

"Andika," akasema huku akipepeta uwele. "Kijana huyu hawezi ndoo. Hawezi jembe. Ni wa kuhurumiwa."

Mimi nikaandika: "Mtajwa hapo juu ni mwadilifu, mchapakazi, na hushiriki kikamilifu kazi za kujitolea. Ana hitilafu ndogo ya mgongo."

Ningeweza kusingizia mazoea, maana ndivyo nilivyowaandikia wote walioomba kazi. Lakini nilimsikia vizuri. Mkono ulikataa.

Afisa wa ustawi alikuwa mama mwenye miwani. Nilimwamkia nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi, nimejinyoosha hadi jasho likanitoka.

"Unashiriki kazi za kujitolea," akasoma. "Kazi gani?"

"Tunachimba msingi wa shule," nikajisikia nikisema.

"Kwa mgongo huo?"

"Kidogo kidogo, mama."

"Basi hongera, mwanangu. Cheti cha daktari kinanieleza mfupa. Barua ndiyo inanieleza unaishije, na naona unaishi vizuri." Akanirudishia karatasi zangu.

Siku mbili nilizunguka ua hadi kuku wakanizoea. Ya tatu mdogo wangu akachoka kunitazama, akaenda kunisemea. Balozi aliingia bila hodi.

"Wewe! Umeusemesha muhuri wangu uongo?"

"Nisamehe, mama."

"Chukua kalamu. Kaa."

"Siwezi kukaa sana, mama."

"Haya, anza na hilo."

Safari hii mdogo wangu alisimama nyuma yangu, akisoma kila mstari kwa sauti. Hawezi kukaa. Hawezi kubeba ndoo. Akipanda kilima hupumzika mara tatu.

"Mara tano," akasema mdogo wangu.

Nikafuta, nikaandika tano.

"Hawezi kufunga kamba za viatu," akaendelea balozi.

"Mama, la viatu tuliache. Mimi navaa ndala."

"Kwa nini unavaa ndala?"

Nikaandika. Nilipofika kwenye habari ya mama yangu kunisaidia kuoga siku za baridi, mdogo wangu hakusoma kwa sauti. Aliniwekea tu kidole mahali palipokosa nukta. Barua ilijaa kurasa mbili, na hakuna neno ambalo ningeweza kulibishia. Balozi akagonga muhuri kwa nguvu, kama anayeua nge.

Afisa alisoma kurasa zote mbili taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama, nikiegemea mguu huu, mara huu, nikiomba asizisome kwa sauti mbele ya waliokuwa wakisubiri. Hakusoma kwa sauti. Akaandika, akatia saini, akanipa karatasi ya kwenda kupimwa mkanda.

"Kila mwaka ulete barua mpya," akasema, "tuhakikishe bado unastahili."

"Mama, mgongo huu nimezaliwa nao."

"Najua, mwanangu. Lakini utaratibu ndio huo."

Nikashukuru, nikatoka. Karatasi ninayo mkononi, mkanda nitapata, na badala ya kufurahi nilianza kugombana na barua ya mwaka unaofuata. Je, mkanda ukinisaidia, nikaweza ndoo moja, hata nusu, niiandike?