Jeli Iliyokwenda kwa Jirani

Serikali ilikuwa imeacha kuwapangia kazi wahitimu, nami nikarudi Kibiti kwa mama mdogo kusubiri majibu ya barua zangu. Nilikuja na begi la nguo na vipande sita vya jeli niliyoitengeneza chuoni.

Vilikuwa vyeupe kama tui, kila kimoja sawa na kifungo cha koti. Ndani nilitia nyuzi laini sana zilizotolewa kwenye mgomba, maana jeli tupu huchanika upesi. Mwalimu wangu alitumaini kwamba siku moja kitu cha namna ile kingepandikizwa mwilini, kijaze mahali ambapo nyama imeondolewa kwa upasuaji. Kazi yangu ilikuwa kuviloweka katika maji ya chumvi na kuyabadili kila asubuhi, mpaka dawa kali iliyoigandisha jeli itoke yote. Siku kumi, alisema mwalimu. Nilikuwa siku ya nne. Bakuli lilikaa juu ya kabati la jikoni, na kila nilipopita nililifunua nihakikishe ni sita.

Mama mdogo sikumweleza kitu. Niliogopa angeuliza kama nimesoma miaka yote ile ili nije kuloweka vitu.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Bibi wa nyumba ya pili alituletea magimbi ya nazi, na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Siku hiyo nilichelewa kurudi, magharibi ilikwisha adhiniwa. Nilikuta bakuli langu limeoshwa, limeinamishwa likauke.

Nilimuuliza mama mdogo vilivyokuwamo vimekwenda wapi.

"Jeli yako? Nimeimwaga maji, nikatia sukari, nikamrudishia bibi kwenye sahani yake," alisema. "Si hizo za Dubai zilizojaa madukani siku hizi? Au ulimwekea mtu?"

Nikisema, Kibiti nzima itasikia kwamba nyumba yetu imepeleka sumu kwenye futari. Nisiposema, mtu atakufa. Nilisimama pale nikiyapima hayo mawili kana kwamba yana uzito sawa, kisha nikaona aibu, nikakimbia.

Mume wa bibi alikuwa mkata mikoko kule Kiongoroni mpaka magoti yalipomkataa. Nilimkuta barazani, sahani iko mbele yake. Nilimwamkia huku nahesabu. Vitano. Nikahesabu tena.

"Marahaba. Mwambie mama yako mdogo jeli yake haitafuniki," alisema. "Meno yenyewe ninayo mawili. Nimeimeza nzima nzima."

Bibi hakuonja. Alisema ilinuka hospitali.

Niliwaeleza yote nikiwa nimesimama. Mzee aliacha kucheka, akaweka mkono juu ya tumbo.

"Sasa itayeyuka?"

Chuoni niliulizwa swali hilohilo mbele ya walimu, nikajibu kwa majivuno.

"Haiyeyuki, babu. Niliitengeneza isiyeyuke."

Tulimpeleka zahanati. Tabibu alitaka jina la dawa, nikamwandikia, akalitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka. Alisema kipande ni kimoja na kimeoshwa siku nne, huenda kisimdhuru. Lakini tumwangalie, na akishikwa na tumbo au akitapika, tusingoje, tumkimbize hospitali ya Utete. Hilo "huenda" nililibeba siku mbili. Nilishinda barazani kwao. Mzee akikohoa, nilisimama. Akinyamaza, nilisimama pia. Kichwani nilikwisha mzika, nikashitakiwa, nikamwona mama mdogo akihama mji.

Mama mdogo naye alikuja, akakaa upande wa pili amejifunika kanga hadi puani. Alisema neno moja tu siku ile.

"Ningejuaje?"



Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, mzee aliniita kwa mkono, akaninong'oneza kwamba kimetoka, na tumbo liko salama. Badala ya kumshukuru Mungu, nilimuuliza kama kimetoka kizima.

"Kamtake radhi mama yako mdogo," alisema. "Mimi nimefuturu siku zote hizi. Yeye, bibi ananiambia, tangu siku ile hata kwenye futari hatii kitu mdomoni ila maji."

Nilifika mlangoni kwetu nikasimama nje. Nilipanga maneno, nikayaogopa, nikapanga mengine. Nilikuwa bado nayapanga alipofungua yeye.