Daftari la Maneno Yanayofanana

Nesi wa kliniki moja ya mtaa wa Alief, huku ughaibuni, alimwita binti yangu wa miaka minane amtafsirie mama yangu mdogo majibu ya vipimo, na hapo uvumilivu wangu ukaisha.

"Mwache mtoto," nilimwambia. "Tafuta mtu mzima."

Mimi nilikuwa na umri huohuo nilipomtafsiria mama yangu kwa daktari, kule mji wa Euless. Mama, aliyetoka Lubumbashi, alijua Kiswahili na Kifaransa tu. Nilikuwa na daftari la maneno yanayoandikwa sawa lakini maana mbali: "pain" ni mkate kwa Kifaransa, maumivu kwa Kiingereza, "chair" ni nyama ya mwili, na huku ni kiti. Siku hiyo chumba cha daktari kilinuka spiriti. Daktari alilifunua daftari, akacheka, akasema mimi natosha kuwa mkalimani.

Nilivimba kichwa. Kisha akaniambia uvimbe wa mama ni saratani, lazima utolewe upesi. Nilimwelewa vizuri kabisa. Lakini kwetu mtoto hamtamkii mzazi kifo, na niliamini nikinyamaza, ugonjwa utabaki hukohuko kwenye Kiingereza.

"Anasemaje, mwanangu?"

"Anasema upumzike."

"Basi mwambie baba yako, maana mimi hanisikii."

Alicheka hadi kwenye gari. Tulimzika kabla shule hazijafungwa.

Siku ileile ya Alief niliomba fomu ya malalamiko, nikaandika: "Mlimpa mtoto kazi ya mkalimani. Msirudie kwa mtoto yeyote. Mtoto anayempenda mgonjwa atamdanganya, na ninyi hamtajua."