Mistari Iliyolala

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na dini. Shule yetu, ndani kidogo kutoka Kambu, ilipoongezewa madarasa ya sekondari msingi bila kuongezewa walimu, mwalimu mkuu alinikabidhi na somo la ufundi. Ningeweza kusema silijui. Nilisema hakuna shida.

Muhula wa pili tukafika kwenye karatasi ya isometriki. Haina miraba kama grafu ya kawaida. Ina mistari ya mielekeo mitatu inayokatana ikafanya pembetatu ndogondogo ukurasa mzima, na ukiifuata unaweza kuchora sanduku ukaonekana uso wake wa juu na pande zake mbili, hata ukatamani kulishika. Nilitoa nakala Kambu, nikaitazama, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Maisha yangu yote karatasi niliyoijua ni ya kuandikia insha, yenye mistari iliyolala. Basi na hii nikaiweka hivyo, mistari ya mwelekeo mmoja ilale. Mwalimu wa hisabati alikuwa meza ya pili akinywa chai. Nimefundisha "mficha uchi hazai" tangu nianze kazi, lakini kumuuliza yeye niliona haya.

Darasani masanduku yote yalitoka yameinama, kama kreti za soda zilizoanguka kwenye lori. Nikawaambia ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Msichana mmoja tu, mkimya, wa dawati la nyuma, alikuwa ameigeuza karatasi mistari ikasimama, na sanduku lake limetulia kama limewekwa sakafuni. Liliniudhi. Hasira zangu ziko karibu, na huwa karibu zaidi nisipokuwa na hakika. Niliiinua karatasi yake wenzake waione, nikauliza kama kwao watu huandika insha kwa kushuka kama wanateremka mlima. Darasa zima likacheka. Alama za kazi ile zilikuwa za kupelekwa serikalini, nami nikamwandikia "chini ya matarajio". Alama zikaingia mtandaoni, na ukurasa wa kuzijazia ukafungwa.

Kitabu cha mwongozo cha mwalimu wa ufundi, kilichokuwa kimechelewa, kikaja kutoka Kitui baada ya hapo. Nilifungua ukurasa wa isometriki nikaona mistari imesimama wima, na sanduku limekaa vilevile kama la yule msichana. Nilikifunga haraka kana kwamba mtu ananichungulia. Masikio yaliniwaka. Nilimwendea mwalimu mkuu nikamweleza yote. Akasema alama zilizokwenda zimekwenda, na akaniomba nisilifanye jambo hilo kuwa kubwa.

Sikuweza kumtii. Nilisimama mbele ya darasa lilelile lililomcheka, nikasema aliyekosea ni mimi, na mwenzao ndiye aliyekuwa sawa. Nikamwambia pia kwamba alama yake sikuweza kuirudisha. Nilitarajia anune, au alie. Alisimama tu, mikono nyuma, kwa adabu iliyonichoma kuliko tusi.

"Niliona, mwalimu," alisema. "Lakini nikasema, si wewe ndio mwalimu."

Niligawa karatasi mpya. Wengine waliisimamisha mistari wakaanza kuchora. Nilipofika nyuma nilimkuta hajaanza. Alikuwa ameishika karatasi kwa pembe zake mbili, juu kidogo ya dawati, tayari kuigeuzia upande wowote, akinitazama usoni.

"Sasa niiweke aje, mwalimu?"