Kanga wa Florentine na Mende wa Bana Mwaba

Nimekimbia risasi na mtoto mgongoni, na nimeona mtu akivutwa na mamba upande wa Mununga. Hata hivyo sijui kama niliwahi kushtuka kama siku ile jirani yangu Florentine aliposimama mlangoni kwangu na kifuniko cha chupa mkononi, akaniomba maziwa ya kifua changu.

"Chouchou, unikamulie kidogo tu," alisema. "Ni ya kutia ku macho ya kanga."

"Kanga gani? Ile ndege?"

"Njo ile."

Kwetu Kongo, mtoto akipata apolo, ule ugonjwa wa macho mekundu yenye tongotongo, mama humkamulia maziwa machoni. Kila mwanamke wa upande wetu anaijua dawa hiyo. Lakini ndege! Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana mchungaji wetu anajua kusoma. Florentine alisimama tu na kile kifuniko, na macho yake mwenyewe yalikuwa yamevimba kwa kulia. Basi nikageukia ukuta, nikakamua. Msiniulize kwa nini.

Ili mnielewe, lazima mumjue mwanamke huyu. Florentine, ambaye hapa Kabuta, ng'ambo hii ya ziwa, wanamwita Bana Cadette, yaani Mama Cadette kwa Kibemba, kwa jina la binti yake, alivuka kutoka Pweto, kwetu Kongo, wakati wa vita. Mume wake Gauthier alibaki ng'ambo, na mpaka leo hakuna anayejua kama yu hai. Alipofika ufukoni hapa alibeba samaki wa watu wengine kichwani, kutoka kwenye mitumbwi mpaka kwa vijana wa baiskeli, mpaka nywele za utosini zikakatika. Ndipo mwanamke mmoja wa kanisani akampa mayai ya kanga. Akaazima kuku wa kuyaatamia, na vifaranga walipotoka akawajengea ua wa matete, juu akatandaza wavu uliochakaa.

Kanga wakaongezeka. Nyumba moja ya wageni kule Nchelenge ikaanza kuwachukua, na Florentine akaacha kubeba samaki wa watu. Aliwapenda mno wale ndege. Alimjua kila mmoja kwa mwendo wake, wakati mimi, jirani wa miaka yote hii, bado ananiita Chouchou, jina la dada yangu.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Bana Mwaba, mwanamke wa hapa hapa, mwenye ghala la chisense, wale samaki wadogo tunaowaanika mchangani. Mmoja hajui Kibemba zaidi ya salamu, mwenzake ana Kiswahili cha sokoni tu, lakini walipatana kama chungu na mfuniko. Na urafiki wao ulikuwa na desturi yake. Kila asubuhi Bana Mwaba alipogeuza magunia ghalani, alifagia mende waliojaa chini yake, akawatia kwenye beseni, akawafunika kwa kitenge na kuwaleta kwenye ua wa kanga. Wakiwamwaga, ndege walirukiana, na wale wanawake wawili walipiga makofi na kucheka kama watu wanaotazama mpira. Florentine naye alimrudishia mayai. Nilisema mara nyingi kwamba huo ni wazimu, lakini kusema kweli nilikuwa na wivu.

Kisha macho yakaanza, siku chache baada ya Bana Mwaba kusafiri. Kwanza kanga mmoja alikuwa akijikuna jicho kwa bawa, akipepesa, machozi yanamtoka. Baadaye wengine. Kope zikavimba, povu jeupe likajaa pembeni, macho mengine yakafumba kabisa. Ndege alidonoa mtama akakosa, akadonoa mchanga. Mmoja tulimkuta amekufa kwa njaa, kichwa chake kimelala ndani ya sahani iliyojaa chakula. Nyumba ya wageni nayo ikasema haichukui ndege wagonjwa. Kama kundi lile lingekwisha, Florentine angerudi kubeba samaki wa watu kichwani, na kichwa chenyewe kilikuwa kimechoka.

Akatia maji ya chumvi. Akatia maziwa yangu. Ningependa kusema kwamba maziwa yangu yalisaidia, lakini hapana.

Mwishowe nikamwita Fanwell, mtu wa mifugo anayepita huku na pikipiki kuchanja kuku. Alimshika kanga mmoja, akamfunga kwenye kitambaa asipigepige mabawa, akamtia tone la dawa ya ganzi jichoni. Ndege ana utando mwembamba unaopita jichoni kama pazia, chini ya kope tunazoziona. Fanwell akauinua ule utando kwa ncha ya kibano. Sisi wawili tukainama tuone.

Kulikuwa na kitu kinacheza mle. Nyuzi nyeupe, nyembamba, zinajikunja na kujikunjua juu ya jicho la ndege aliye hai. Nilipiga kelele mpaka mtoto wangu akaanza kulia nyumbani. Mpaka leo nikila tambi nafumba macho.

"Mayo, mama yangu, iyi si apolo," Fanwell alisema. "Ni minyoo." Akavuta mmoja kwa kibano, akauweka kwenye kiganja cha Florentine. Bado ulikuwa unacheza.

"Inaingia mule ginsi gani?" Florentine aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kanga wanakulaka mende?" Fanwell naye aliuliza.

"Kila asubuhi," nilisema mimi. Fanwell akatueleza taratibu. Mayai ya minyoo hii hushuka kutoka jichoni mpaka kooni, ndege akayameza, yakatoka kwenye mavi yake. Mende hula yale mavi, na mnyoo hukua ndani ya mende. Ndege akimeza mende huyo, mnyoo hupanda tena kooni mpaka jichoni. "Na inaenda mbio," alisema. "Hata bukari, ile ugali yenu, haijaiva, imekwisha kufika mu jicho."

Florentine alikaa chini mchangani bila kujali kitenge chake cha kanisani. "Donc, basi ni miye," alisema. "Ni miye njo nilibatoboa macho, na nilikuwa napiga makofi."

Fanwell alifanya kazi yake mpaka jua likapanda kabisa. Alivuta minyoo, akatia tone la dawa yake, akaosha kila jicho kwa maji safi. Akatuagiza tuondoe mavi na matandiko yote ya ule ua, tuyachome, na mende mmoja asiingie tena. Tulichoma. Na siku zilivyopita macho yakaanza kufunguka. Kanga mmoja jike, wa madoa makubwa, ndiye wa kwanza kudonoa mtama bila kukosa, na Florentine alilia tena, safari hii kwa furaha.

"Sasa Bana Mwaba utamuambia lini?" nilimuuliza. Bana Mwaba bado alikuwa kwenye kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani kwetu, alikokwenda kununua samaki.

"Niache, Chouchou. Mutu anakuletea zawadi kila asubui, utamuambia nini? Eti zawadi yako ilipofusha ndege yangu? Batu ba hapa walitupokea."

"Utamuambia hapana."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

Jumapili tukarudi kutoka kanisani, na kabla ya kufika tukasikia kicheko. Bana Mwaba alikuwa ameegemea ua, bado ana matope ya mtumbwi miguuni. Alikuwa amesikia njiani kwamba kanga wanaumwa. Hakupita hata kwake. Alikwenda ghalani, akageuza magunia yote, na beseni aliloleta lilikuwa kubwa kuliko yote tuliyowahi kuona.

"Bana Cadette! Kuja uone! Kanga wako wamepona!"

Ndani ya ua, wale ambao macho yao bado yalikuwa mabaya walidonoa hewa. Lakini yule jike wa madoa makubwa aliona vizuri kabisa. Mende alikimbia huku, akadakwa. Mwingine akaenda kule, akadakwa. Hakukosa hata mmoja.

Florentine alirusha Biblia yake kwangu, akaingia uani kwa magoti, akaanza kunyakua mende kwa mikono mitupu. Bana Mwaba alizidi kucheka, akidhani ni furaha. Na Florentine, mende wamejaa mkononi, aliinua uso na kusema, "Asanti sana, Bana Mwaba."

Hapo mimi nikashindwa. Nilimwambia Bana Mwaba yote, kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani.

"Mayo!" alisema, mkono mdomoni. Akaingia uani naye, akamshika yule jike, akampanua mdomo, akatoa mende mmoja bado mzima. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kumezwa, na ilibidi baadaye Fanwell aanze upya na macho yale yale. Walipomaliza kukamata waliobaki, Bana Mwaba aliketi na beseni mapajani. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulikuwa Kilwa."

"Na ungeniacha nilete kesho. Na kesho kutwa." Aliuma mdomo. "Miye ni nani kwako, Bana Cadette? Ni ofisi ya wakimbizi? Ofisi njo munaipatia ndiyo kila siku, hata kama hamutaki."

"Kwetu hatukatalake zawadi," Florentine alisema, akitazama chini.

Bana Mwaba akamsogezea beseni lile, na mende waliobaki wakikwaruza ndani, mpaka likamgusa magoti.

"Basi katala. Sasa hivi. Nisikie."

Florentine alinitazama mimi, akatazama kanga wake. Akalisukuma beseni.

"Sitaki," alisema.

Tangu tuingie nchi hii, sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.